Mwanamke katika Usindikaji Mdogo wa Muhogo: Kazi, Muda na Umiliki

Katika mikoa ya Tanzania ambako muhogo ni chakula kikuu au cha akiba, hasa Mtwara, Lindi, Ruvuma, Kigoma na ile inayolizunguka Ziwa Viktoria, kazi ya kuugeuza mzizi uliong'olewa shambani uwe unga wa kusongea ugali imekuwa kwa vizazi vingi kazi ya wanawake, nayo hufanywa uani kwa kisu, beseni, mkeka na kinu, mara nyingi bila malipo yoyote. Kwa sababu hiyo, uchambuzi wa nafasi ya mwanamke katika usindikaji mdogo wa muhogo hauwezi kuishia kwenye swali la kama anashiriki au hashiriki, kwa kuwa jibu lake linajulikana katika kila kijiji. Unapaswa kuuliza ni sehemu gani ya thamani itokanayo na kazi hiyo humfikia yeye, na kwa nini sehemu hiyo huelekea kupungua pale kazi inapoanza kuleta fedha. Usindikaji mdogo, kwa maana inayotumika hapa, ni ubadilishaji wa zao ghafi kuwa bidhaa inayohifadhika au kuuzika, unaofanywa na kaya moja au kikundi cha watu wachache kwa mtaji mdogo na zana zisizohitaji kiwanda. Hoja inayojengwa ni kwamba chanzo cha tatizo kimo katika muda: kusindika muhogo ni kazi inayokula saa na siku nyingi, na saa hizo, zikiwa za mwanamke, hazijawahi kutiwa katika hesabu ya gharama.

Umuhimu wa muda huo unatokana na maumbile ya mmea wenyewe. Maji ni asilimia 60 hadi 70 ya uzito wa mzizi wa muhogo, na ingawa mzizi uliokomaa unaweza kukaa ardhini kwa miezi mingi bila kuharibika, ukishang'olewa huanza kupata michirizi myeusi ndani ya siku moja hadi tatu na kupoteza thamani ya kuliwa na ya kuuzwa. Wakati huohuo aina nyingi, hasa zile ziitwazo mihogo michungu, zina kemikali iitwayo linamarini, ambayo tishu za mzizi zikipondwa, kukunwa au kuvundikwa huvunjwa na kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali, kilichomo katika mzizi huohuo. Matokeo yake ni kutolewa kwa sianidi, sumu ambayo hupotea hewani au hutoka pamoja na maji ikiwa tu imepewa siku za kutosha. Anayesindika, kwa hiyo, hubanwa na mambo mawili yanayovutana: akichelewa kuanza, muhogo utaharibika, na akiharakisha kumaliza, chakula kitabaki na sumu.

Jamii mbalimbali zimelikabili jambo hili kwa njia tofauti. Kusini, katika Mtwara na Lindi, bidhaa kuu ni makopa, yaani vipande vya muhogo uliomenywa na kuanikwa juani kwa siku kadhaa juu ya mkeka, mwamba au paa, ambavyo huwekwa akiba na kutwangwa au kusagwa vinapohitajika. Kigoma na Kanda ya Ziwa hujulikana zaidi kwa udaga, unaotokana na muhogo uliovundikwa: mihogo iliyomenywa hulowekwa kwa siku tatu hadi tano mpaka ilainike, au hurundikwa na kufunikwa kwa majani mpaka iote ukungu, kisha ukungu huparuzwa, mihogo hupondwapondwa na kuanikwa. Njia hizi hazilingani katika kuondoa sumu. Kuloweka huondoa sehemu kubwa zaidi kuliko kuanika vipande vinene, kwa kuwa kipande kinapokauka, kimeng'enya huacha kufanya kazi kabla hakijaifikia linamarini yote, ilhali muhogo uliolainika ndani ya maji huwa umeachia karibu kila kilichomo. Kwa upande mwingine, kurundika kuna hatari ya kuacha kuvu zisizotakiwa pale uanikaji unapokwamishwa na mvua, na kuloweka kunahitaji maji mengi, jambo linalomaanisha kwamba katika kijiji ambacho kisima kiko mbali uamuzi wa njia ipi itumike huwa pia uamuzi wa ndoo ngapi mwanamke atabeba kichwani.

Maarifa yanayoongoza hatua hizi yamo katika hisi. Msindikaji mzoefu hujua kwa kubonyeza kwa vidole kama muhogo umeiva majini, hujua kwa harufu kama uvundikaji umepitiliza, na hujua kwa sauti ya kipande kinapovunjwa kama makopa yamekauka kiasi cha kuwekwa ghalani. Binti huyapokea kwa mama au nyanya yake akiwa kando ya beseni, na kwa kuwa hayajaandikwa, taasisi nyingi zimeyachukulia kama desturi ya jikoni tu. Kilimo cha muhogo kimekuwa na watafiti wake tangu enzi ya kituo cha Amani huko Tanga, ambako ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulitambuliwa katika miaka ya 1930, lakini kinachotokea kati ya shamba na chungu kilisubiri miongo mingi zaidi kabla ya kupewa uzito wa kisayansi, na kilipewa uzito huo kwa sababu ya maafa.

Maafa hayo yana jina: konzo, ugonjwa wa kupooza miguu yote miwili, unaotokea ghafla na kumwacha mgonjwa na ulemavu wa kudumu, ambao ulielezwa kitaalamu na daktari Giovanni Trolli mwaka 1938 huko Kongo wakati wa utawala wa Kibelgiji. Hutokea pale ambapo watu wanakula kwa wiki nyingi muhogo mchungu ambao haukusindikwa ipasavyo huku mlo wao ukiwa na upungufu wa protini, kwa kuwa mwili huhitaji salfa inayopatikana katika protini ili kuigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Kaskazini mwa Msumbiji, katika mkoa wa Nampula, watu zaidi ya 1,000 walipooza wakati wa ukame wa mwaka 1981, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Tanzania ilishuhudia mlipuko wake wilayani Tarime mwaka 1985, na miaka michache baadaye wilaya ya Masasi ikakumbwa na matukio ya watu kudhurika papo hapo kwa muhogo uliosindikwa haraka mno. Mazingira yalifanana: ukame uliua mazao mengine, ukauacha muhogo mchungu peke yake shambani, na njaa ikalazimisha kazi ya siku nyingi ifanywe kwa siku chache.

Inapaswa kusisitizwa kwamba walioharakisha hawakuwa wajinga. Walijua siku zinazohitajika, lakini watoto hawakuweza kuzisubiri. Katika jimbo la Bandundu nchini Kongo sababu ilikuwa nyingine kabisa, nayo inafundisha zaidi: baada ya barabara ya lami ya kwenda Kinshasa kurahisisha biashara ya muhogo, watafiti waliona muda wa kuloweka ukifupishwa ili mzigo uwahi wanunuzi, na wagonjwa wa konzo wakaongezeka katika vijiji vilivyokuwa vikilisha jiji. Soko, kama njaa, linaweza kununua siku za usalama kwa bei ya chini sana, na wanaolipa tofauti ni wanawake walio katika umri wa kuzaa pamoja na watoto, ambao ndio konzo huwashambulia zaidi kuliko wanaume watu wazima. Yeyote anayehimiza usindikaji wa kibiashara kwa hoja ya kipato peke yake anapaswa kulijibu jambo hili kwanza.

Hata hivyo, uchungu wa muhogo si hasara tupu kwa wanawake. Utafiti uliofanywa katika miaka ya 1990 na Linley Chiwona-Karltun na wenzake katika wilaya ya Nkhata Bay nchini Malawi ulionyesha kwamba wakulima, na hasa wanawake, waliichagua mihogo michungu kwa makusudi, kwa sababu haiibiwi ovyo, wanyama waharibifu huiogopa, na haiwezi kuchomwa na kuliwa na kila apitaye. Muhogo mchungu hauwi chakula mpaka upite mikononi mwa mwenye ujuzi, na ujuzi huo ukiwa wa mwanamke, akiba ya chakula ya kaya hubaki chini ya uangalizi wake. Hapa kuna mamlaka halisi, madogo lakini yenye maana katika miezi ya njaa, ambayo hayaonekani katika takwimu za umiliki wa mali na ambayo miradi ya kusambaza mihogo mitamu iliyo rahisi kuuzwa mbichi inaweza kuyaondoa bila mtu yeyote kukusudia.

Gharama ya mamlaka hayo ni saa. Kilo tatu hadi nne za muhogo mbichi huhitajika ili kupata kilo moja ya unga, na kila kilo kati ya hizo humenywa kwa mkono, kwa kuwa mizizi hupinda na kutofautiana unene kiasi kwamba mashine ya kumenya imekuwa ngumu kubuniwa kwa bei ya kijijini. Kuna kubeba kutoka shambani, kuchota maji, kugeuza vilivyoanikwa, kuviingiza ndani mvua ikitanda, kuvilinda dhidi ya kuku na mbuzi, kisha kutwanga na kuchekecha. Mfanyabiashara anapofika kununua makopa, bei anayoitaja inahesabu gunia, usafiri na hatari yake. Haihesabu lolote kati ya hayo, kwa kuwa mwuzaji mwenyewe hakuwahi kuyatoza. Sheria ya Tanzania imekwenda mbali zaidi ya soko katika jambo hili. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitamka, kwa kuitafsiri Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Ikiwa mahakama iliweza kuona thamani katika kupika na kutunza nyumba, ni vigumu kueleza kwa nini mipango ya zao la muhogo iendelee kuichukulia kazi ya siku tano ya mwanamke kama sehemu ya kazi isiyo na bei.

Ndipo linapoingia suala la mashine. Uchunguzi mkubwa wa muhogo barani Afrika ulioanza mwaka 1989 chini ya Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki yenye makao yake Ibadan, ukiongozwa na mwanauchumi Felix Nweke na kuhusisha Tanzania, Uganda, Kongo, Nigeria, Ghana na Côte d'Ivoire, ulibaini kwamba wanawake hutawala usindikaji pale unapofanywa kwa mikono, na kwamba wanaume huongezeka kadiri mashine zinavyoingia na zao linavyogeuka kuwa la fedha. Afrika Magharibi, ambako muhogo hukunwa, kuchachushwa, kukamuliwa na kukaangwa kuwa chenga kavu ziitwazo gari, mashine ya kukuna iliondoa mojawapo ya kazi zinazochosha zaidi na ikawa faraja ya kweli. Lakini mashine hiyo mara nyingi ni ya mwanamume, na mwanamke humlipa kwa kila beseni kisha akarudi kukaanga kwenye moshi. Tanzania ilipitia njia hiyohiyo kwa mashine ya kusaga. Kutwanga kumepungua katika vijiji vingi, jambo ambalo hakuna mwanamke angependa lirudi nyuma, ila hatua iliyopewa mashine ndiyo hatua iliyopata bei, na aliyekuwa na mtaji wa kununua injini ndiye aliyeanza kuipokea bei hiyo. Kumenya, kuloweka na kuanika vimebaki palepale vilipokuwa, na kwa sababu unga sasa unasagika haraka na kwa wingi, mzigo wa hatua hizo umeongezeka.

Inafuata kwamba mashine haipaswi kuhukumiwa kwa tani inazosindika kwa siku. Kipimo cha haki zaidi ni saa ngapi imeziondoa mikononi mwa mwanamke, ni hatua gani imeziacha nyuma, na fedha zinazotozwa hapo zinaingia mfuko wa nani. Kwa kipimo hiki, vifaa vinavyodharauliwa huonekana bora kuliko injini: kisu kizuri cha kumenyea, chanja iliyoinuliwa ili muhogo usianikwe chini penye vumbi, turubai la kufunikia wakati wa mvua, na bomba la maji karibu na mahali pa kazi. Hata mbinu ya kupunguza sumu katika unga uliokwisha kusagwa, iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia na kutumiwa na wanawake wa Popokabaka nchini Kongo kuanzia mwaka 2010, haihitaji mtaji: unga huchanganywa na maji, hutandazwa kwa unene usiozidi sentimita moja, na huachwa saa mbili juani au saa tano kivulini kabla ya kusongwa ugali. Mbinu hiyo ni kinga nzuri kwa kaya, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya usindikaji kamili kwa unga unaokwenda sokoni, ambao kiwango cha kimataifa cha Codex huutaka usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo.

Jaribio kubwa la kuwaunganisha wanawake wasindikaji na soko la viwandani lilikuwa la unga bora wa muhogo, yaani unga usiovundikwa, unaotokana na muhogo uliomenywa, kuoshwa, kukunwa, kukamuliwa na kukaushwa ndani ya takriban siku moja, ili uwe mweupe, usio na harufu, na uweze kuchanganywa na ngano katika mikate na biskuti. Mradi wa C:AVA, uliosimamiwa na Taasisi ya Maliasili ya Chuo Kikuu cha Greenwich kuanzia mwaka 2008 katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, uliweka vikundi vya vijijini katikati ya mnyororo huo. Kiufundi wazo lilikuwa zuri, kwa sababu kukuna hukutanisha kimeng'enya na linamarini kwa haraka na kukamua hutoa sumu pamoja na maji, hivyo usalama unapatikana bila kusubiri siku nyingi. Ugumu ulikuwa kwingine. Kukausha kwa jua hukwama masika, mashine za kukausha kwa hewa ya moto zina gharama ambayo kikundi cha kijiji hakiwezi kuibeba, na mwokaji mikate wa mjini hurudi kwenye ngano mara bei yake inaposhuka. Masharti ya siku moja pia yanadai watu wengi wafanye kazi kwa mfululizo bila kuondoka, ilhali mwanamke mwenye mtoto mchanga na chakula cha jioni cha kuandaa hana siku isiyokatwa vipandevipande. Kikundi kinachopangwa bila kulijali hilo hujikuta kikiwategemea wasio na majukumu ya nyumbani, na hao mara nyingi si wale ambao mradi uliandikwa kwa ajili yao.

Soko la nje limeleta matumaini ya namna nyingine. Mwaka 2017 Tanzania na China zilikubaliana kuhusu masharti ya afya ya mimea yanayoruhusu makopa kuuzwa China, na masoko ya mpakani ya Kigoma yamekuwa kwa muda mrefu njia ya udaga kwenda Burundi. Uhitaji ni mkubwa, lakini shehena ya meli hukusanywa na mwenye ghala, lori na mkopo wa benki, na katika ukusanyaji huo mwanamke anayeuza kwa kisado au debe hukutana na dalali anayenunua kwa gunia la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo chake. Ushirika wa kuuza kwa pamoja, wenye mizani yake na ghala lake, una faida kubwa kwake kuliko mashine yoyote katika hatua hii.

Magonjwa ya zao, yaani batobato na michirizi ya kahawia, yanayoenezwa na nzi weupe na kwa vipando vyenye maambukizi, yanahitaji kutajwa kwa sababu moja tu inayohusiana na mada hii: michirizi ya kahawia huozesha mzizi ndani huku shina likionekana zima, na anayegundua hasara ni yule anayemenya. Kukatakata na kutupa sehemu zilizooza ni kazi nyingine inayoongezwa kwake, na taarifa yake juu ya aina ipi inaoza zaidi ingefaa kuwafikia wazalishaji wa mbegu wa vituo vya utafiti vya Naliendele, Kibaha na Ukiriguru mapema kuliko inavyofika sasa.

Yabaki masuala ya ardhi na mtaji, ambayo ndiyo msingi wa umiliki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na miongoni mwa Wamakonde, Wamwera na Wayao wa kusini kuna mapokeo ya kuhesabu ukoo upande wa mama ambayo kihistoria yalimpa mwanamke nafasi imara zaidi. Lakini zao la kudumu huimarisha haki ya aliyelipanda, na mikorosho ya Mtwara na Lindi huhesabiwa mara nyingi kuwa ya mwanamume, huku muhogo ukipandwa katikati ya miti hiyo ingali michanga na kuondoka ikishatanua matawi. Mwanamke anayesindika muhogo wa shamba ambalo si lake hawezi kuahidi malighafi kwa mwaka ujao, na asiyeweza kuahidi malighafi hasaini mkataba na mnunuzi. Kwa upande wa mtaji, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya vikundi vya wanawake. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Huu ni mfuko ulio karibu na mkulima mdogo, na thamani yake itategemea kinachonunuliwa kwa mikopo hiyo. Kikundi kinachokopa ili kununua injini na kuisimika katika kiwanja cha mume wa mwanachama mmoja kimebeba deni la wengi kwa ajili ya mali ambayo ndoa, ugomvi au mirathi inaweza kuihamisha kwa siku moja. Kadhalika alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, ambayo msindikaji anaihitaji ili unga wake uingie dukani, hutolewa kwa bidhaa iliyotengenezwa katika jengo lenye sakafu, maji na vyumba vilivyotenganishwa, na jengo la namna hiyo haliwezi kuwa ua wa mtu.

Kwa hiyo mpangilio wa vipaumbele unaotumika sasa, unaoanza na mashine na kumalizia na mafunzo, unapaswa kugeuzwa. Maji, chanja na jengo la pamoja lililo kwa jina la kikundi vitangulie. Mashine za kukunia na kukamulia zifuate. Injini ya kusagia, ambayo mara nyingi kijiji kinayo tayari, ije mwisho. Maafisa ugani wafundishe usalama wa chakula kwa wanaume pia, kwa kuwa mwanamume anayejua kwa nini muhogo unahitaji siku nne majini hatahimiza mzigo utoke siku ya pili. Na halmashauri yoyote inayokaribia kutoa mkopo kwa kikundi cha wanawake wasindikaji wa muhogo idai kuona, kabla ya kusaini, hati ya kiwanja ambapo mashine itasimama, jina lililo kwenye stakabadhi ya kuinunulia, na mwenye akaunti itakayopokea malipo ya mnunuzi; majina hayo yasipokuwa ya wanawake waliokopa, mkopo huo usitolewe.